Bibi Arusi wa Ukutani

Faza,
4 Machi 1965

Mdogo wangu Umulkheir,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo, na mtoto ameanza kutambaa, tayari amekula mchanga wa Faza. Tulipohama kwenu Amu niliahidi kukuandikia mara tu tukifika, na mwezi umepita, nisamehe. Mume wangu Rufus simwoni. Watu wa barani bado wanavuka kila siku na watoto na vyungu vyao, wamewakimbia mashifta na bunduki zao, na ni askari kama yeye wanaotakiwa kuwatafutia pa kulala.

Serikali imetupa vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya mawe ya zamani, karibu na hori, ule mkono mwembamba wa bahari. Ilikuwa nyumba kubwa, sasa nusu yake imeanguka. Nyuma kabisa kuna chumba kilichokuwa kimefungwa, na mzee anayeitunza nyumba anasema hata babake hakukifungua. Rufus akaona kinaweza kutosha mama mmoja na watoto wake. Jumamosi wakavunja kufuli, nami nikaingia na ufagio na ndoo kuondoa mavi ya popo.

Umulkheir, sijui nianzie wapi. Nilikuwa nasugua ukuta kwa kitambaa chenye maji, nikadhani ile rangi nyekundu ni kutu ya ukuta wenyewe. Nikasugua tena, ukatokea mguu wa mtu. Mguu mdogo, wenye vidole vyote, umekanyaga ubao. Nikapandisha kitambaa polepole ukatokea goti, kisha mkono umeshika kasia, kisha mtu mzima anapiga makasia, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Niliacha kila kitu. Mtoto alilia mpaka jirani akaja kumchukua.

Ukuta mzima, toka mlangoni mpaka pembeni, ni maji na vyombo. Vyombo saba vinafuatana, mbao zake zimeshonwa kwa kamba, na aliyechora amechora kila mshono. Bendera zimepeperuka upande mmoja, kama vile upepo bado umo chumbani. Cha kwanza kina ngoma, na mtu anayepuliza baragumu refu kuliko yeye, mashavu yamemjaa. Cha nne ndicho cha bibi arusi. Amekaa chini ya mwavuli, amefunikwa shela hata uso hauonekani, ila vidole vya miguu vyenye hina. Rangi ni nyekundu ya udongo, nyeusi ya masizi na samawati moja ambayo sijaiona kokote isipokuwa baharini saa nne asubuhi.

Mimi ni mtu wa Machakos, bahari niliiona nikiwa tayari mke wa mtu. Nilikaa chini katika ule uchafu nikatazama tu, nikajikuta nazungumza kwa sauti ndogo kama niko kanisani. Rufus akaingia na kofia yake kichwani akiulizia chakula. Akaivua. Sijapata kumwona akivua kofia mahali pasipo padri wala mkubwa wake.

Juu ya watu wawili watatu kuna maandishi ya Kiarabu. Siwezi kuyasoma. Je, Bibi yako hajapata kusikia habari za picha hii? Nakumbuka alisema kwao ni Faza. Mbusu mikono, ile mikono iliyompokea mwanangu.

Dadako,
Mueni


Amu,
12 Machi 1965

Kwa dada yangu mpenzi Mueni,

Ama baada ya salamu, barua yako imefika na nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Twamshukuru Mungu kwa afya zenu.

Dada, hiyo nyumba uliyomo ni nyumba ya kina Bibi. Hakuna nyingine ya mawe karibu na hori. Bibi yangu, Bi Mwanamkisi, alizaliwa humo. Humo ndimo alimotoka kuja kuolewa Amu na babu yangu Jeilani, na arusi hiyo hata leo watu wazima huitaja. Kulikuwa na damu baina ya nyumba yake na nyumba ya babu, wameuana vijana, ikakubaliwa kuwa msichana wa Faza aolewe Amu ili mambo yaishe. Akaja kwa vyombo saba na baragumu. Hizo ni habari nilizolelewa nazo. Nyumba yetu inaheshimiwa kwa ajili yake. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ziliandikwa ukutani kwa rangi.

Nilimsomea Bibi barua yako. Nilipofika kwenye mwavuli akanyanyua mkono, nikaacha kusoma. Akaniuliza ni nani aliyechora. Nikamwambia hujui. Akasema, "Ni mamangu Radhiya. Hakuna mwingine aliyekuwa na mkono ule." Kisha akaomba apelekwe kitandani, na tangu siku ile anazungumza kidogo. Nadhani anakumbuka wafu wake, hasa Barka. Huyo alikuwa mtumishi wake wa utotoni, walilelewa pamoja na wakasomeshwa Kurani pamoja, akafa kwa ndui siku chache kabla ya arusi. Kila mwaka Bibi humtolea sadaka na hulia kama aliyefiwa jana.

Sasa nina ombi. Unajua kuwa nimeposwa na Khatib na arusi yetu ni katika Mfungo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, Mungu akipenda. Babake Khatib ni mtu wa nasaba, anapenda kuuliza fulani ni mwana wa nani, na nani alimwoa nani. Baba yangu Mselem ameifurahia sana habari hii ya ukuta. Anasema usome kilichoandikwa ili akamwonyeshe babake Khatib. Niandikie hayo maneno, tafadhali. Hata kama huwezi kuyasoma, weka karatasi nyembamba juu yake uyafuate kwa penseli, na uniambie kila neno liko juu ya nani.

Mimi mdogo wako,
Umulkheir binti Mselem


Faza,
20 Machi 1965

Mpenzi Umulkheir,

Nimefanya kama ulivyosema. Karatasi nne nimezitia humu. Nimeziandika nambari, na nambari zenyewe ni hizi. Ya kwanza iko pembeni, chini kabisa, peke yake, nadhani ndiyo saini ya mama huyo mchoraji. Ya pili iko juu ya vyombo vyote, ndefu, sikuimaliza kwa sababu ukuta umemomonyoka. Ya tatu iko juu ya mwavuli wa bibi arusi. Ya nne haiko chomboni.

Acha nikueleze hiyo ya nne, kwa kuwa sikuiona mara ya kwanza. Upande wa kushoto, karibu na mlango, ndiko pwani ya Faza. Watu wamesimama wanaaga, wanawake wanarusha mikono. Nyuma yao, mbali kidogo, kuna kijumba cheupe kidogo sana, nikadhani ni kibanda cha mbuzi. Nilipokisafisha nikaona ni kaburi, lina nguzo mbili. Mwanamke amekaa kando yake, ameupa mgongo msafara wote. Vyombo vinaondoka, ngoma zinapigwa, yeye hageuki. Neno la nne limeandikwa juu ya kaburi hilo. Bila shaka ni yule mtumishi uliyeniambia, Barka maskini, na ninaona ni jambo la ajabu na zuri kwamba mama mwenye nyumba aliacha mahali pa mtumishi katika picha ya mwanawe.

Kuna kitu kingine. Bibi arusi ameshika mkononi kitu kidogo cheusi. Nilileta taa nikatazama karibu. Ni kipande cha nywele, msuko mmoja uliokatwa, umefungwa uzi. Je, huo ni mila kwenu? Sijauona katika arusi za Amu.

Wanawake wa mtaa wamekuja kutazama, kwa zamu. Kikongwe mmoja alipiga magoti akaligusa baragumu kwa ncha ya kidole akasema alilisikia alipokuwa mtoto mdogo begani kwa mamake. Mimi nawatengenezea chai, kana kwamba ni nyumba yangu na wageni ni wangu.

Mwambie Bibi kwamba vidole vyake vya miguu havijabadilika. Nilivitazama sana siku zile alipokuwa akinikanda baada ya kujifungua.

Wako,
Mueni


Amu,
25 Machi 1965

Dada Mueni,

Karatasi zimefika. Nakuomba uipake picha hiyo chokaa, yote, usibakishe. Sanamu za viumbe haziwekwi nyumbani, malaika hawaingii. Wageni usiwaingize tena. Na karatasi nyingine kama hizi usizifanye, na ukiwa umebaki na yoyote uichome.

Tafadhali usiniulize.

Umulkheir


Faza,
31 Machi 1965

Umulkheir,

Nimeisoma barua yako nikaigeuza nyuma kutazama kama kuna lingine. Nilidhani pengine nimekosea kuandika jambo. Kama ni ile habari ya vidole vya miguu, ilikuwa mzaha wa mtu anayempenda Bibi, naomba radhi.

Kama ni dini, sitabishana nawe. Nyumba ni ya wazee wako na dini ni yako, mimi ni mpangaji wa serikali. Rufus amesema ni dhambi kuifuta. Nimemjibu kwamba dhambi ya nyumba ya watu wapimane nayo wenyewe. Lakini nilipokuwa nakoroga chokaa machozi yalinitoka, nakwambia ukweli.

Nimeanza kutoka mwisho. Chombo cha saba nimekipaka jana na cha sita leo. Ninafunika kidogo kidogo, mkono mmoja chokaa, mwingine mtoto. Wapiga makasia wa chombo cha saba wana kijana mmoja amegeuka anacheka na mwenzake. Huyo nilimwacha mpaka mwisho. Kesho ni cha tano. Cha bibi arusi nitakifikia Jumamosi au Jumapili, sitakimbilia.

Mama mmoja wa barani na wanawe wanangojea chumba kikauke waingie. Hivyo kazi ina faida yake.

Nakuombea arusi njema.

Mueni


Amu,
3 Aprili 1965

Dada yangu Mueni,

Usipake. Kama brashi iko mkononi iweke chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Barua hii inakuja mkononi mwa Bibi mwenyewe. Amepanda chombo na kaka yangu Jaafar. Tangu alipoletwa Amu hajapata kurudi Faza hata kuzika. Tulikuwa tukidhani ni kwa sababu ya kuogopa bahari.

Dada, nilikudanganya. Si malaika. Neno lililo juu ya mwavuli ni Barka. Neno lililo juu ya kaburi ni Mwanamkisi.

Nilizisoma zile karatasi mara mbili. Nilizipanga upya nikidhani umekosea nambari. Kisha nikakumbuka sadaka ya kila mwaka, na yule mtumishi ambaye Bibi alijua kila alichokipenda na kila alichokiogopa, hata ndoto zake, nikafahamu kwamba mtu hajui ndoto za mwenzake namna ile isipokuwa ni zake mwenyewe. Aliyekufa kwa ndui ni Mwanamkisi. Aliyekuja Amu kwa baragumu ni Barka, mtumwa. Na sisi sote, Baba, Jaafar na mimi, tumetoka kwake.

Nawe umekaa kwetu, unajua mji huu unavyopima watu. Babake Khatib akilijua hili posa itarudi, na haitarudi peke yake, itaangusha na jina la Baba pia. Nikaogopa. Sikumwambia yeyote. Nikakuandikia ufute, nikakutia katika uchungu, nawe hukujua.

Barua yako ya chokaa ilifika nikaificha chini ya mto. Bibi akaiomba. Alijua imekuja, alimwona aliyeileta. Nikamsomea nikirukaruka mistari. Akaniambia nisome kama ilivyo. Nikasoma. Nilipofika pale unaposema utakifikia chombo cha bibi arusi Jumamosi, akasimama bila kushikwa mkono. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba nimeyasoma majina. Sikuthubutu kumtazama. Yeye aliniuliza jambo moja tu, na aliniuliza kama mtoto: "Juu ya mwavuli? Una hakika ni juu ya mwavuli?"

Nikasema nina hakika. Akasema, "Basi nataka kuiona kwa mato yangu kabla haiyafutwa." Akamwambia Baba anakwenda Faza kuzuru makaburi ya wazee wake, na Baba, aliyekuwa amemwomba safari hiyo miaka mingi, alifurahi akampa Jaafar amsindikize. Mimi mchumba wa watu siwezi kutoka.

Jaafar hajui lolote. Mshike mkono, dada. Na uniandikie, usiniache hapa gizani.

Umulkheir


Faza,
7 Aprili 1965

Umulkheir, mdogo wangu,

Amelala sasa, na Jaafar amekwenda kutafuta chombo cha kurudia. Nakuandikia wakati bado nasikia sauti yake.

Maji yalikuwa yametoka chombo kilipofika, tope tupu. Rufus akakunja suruali, akaingia mpaka magotini, akambeba Bibi mgongoni kama mtoto. Watu wa Faza walisimama kutazama koplo amembeba bibi kizee. Alipofika nchi kavu alimshukuru, akanipa barua yako, akaniambia nisome kwanza, yeye angengoja. Nikaisoma nimesimama pale pale. Nilipoimaliza nikambusu mikono.

Kazi ilikuwa imenichelewa, chombo cha tano nilikuwa nimekipaka asubuhi ile ile. Cha bibi arusi nilikuwa nimekigusa kwa brashi mara moja, mwavuli ulikuwa umekwisha ingia weupe na neno lenyewe halionekani. Nilimweleza. Akauliza kama chokaa bado mbichi. Nikasema ndiyo. Basi akaingia chumbani.

Nilitaka kumshika asianguke, nikaona hahitaji. Alisimama katikati akazunguka taratibu, kama mtu anayetafuta alipoacha kitu. Akaonyesha pembe moja akasema, "Hapa palikuwa na kitanda chake. Mimi nikilala tini yake." Kisha akauendea ukuta. Alilowesha upande wa leso yake katika ndoo yangu akaanza kupangusa, si kwa haraka. Chokaa ikawa inateremka kama maziwa mpaka kwenye viganja vyake. Mwavuli ukarudi. Herufi zikarudi. Akaweka kidole chini ya ile ya kwanza, akazisoma moja moja kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani: be, re, kafu, he.

Kisha akasema, "Alinitunzia."

Alikaa chini, na akiwa amekaa ndipo alipotueleza, mimi na Jaafar, na Rufus aliyekuwa mlangoni. Mwanamkisi alikufa arusi ikiwa imekwisha tangazwa, na vyombo vya kumchukua viko njiani. Wanaume wa nyumba wakaketi wakaona kwamba wakisema amekufa, Amu watasema wameghairi, na vijana watauana tena. Barka alikuwa kimo kile kile, alijua kusoma, alijua adabu za nyumba. Hakuna aliyemuuliza. Lakini Bi Radhiya, aliyekuwa amefiwa na mwanawe wa pekee, aliwakatalia wanaume jambo moja, kwamba hatampeleka mtu kuolewa akiwa mtumwa. Akawaita mashahidi wawili akamwacha huru, na ndipo akamvisha. Alimpa msuko wa nywele za marehemu aushike njiani. Wakati wa kumtia hina alimwambia maneno haya, na Bibi aliyatamka kama aliyeyasikia jana: "Huko wendako utaitwa kwa jina la mwanangu. Lako nalibakisha kwangu. Nitakutunzia."

Bibi anasema alidhani ni maneno ya kumtuliza mtoto. Alikwenda nayo akayasahau, yakawa yanamrudia uzeeni. Kuwa Bi Radhiya alibaki peke yake katika chumba hiki, akamkalisha mwanawe kaburini na Barka mwavulini, kila mmoja mahali pake pa kweli, kisha akafunga mlango, hilo hakulijua mpaka ulipomsomea barua zangu. Yule mwanamke aliyeupa mgongo msafara ni mama mwenyewe.

Jaafar alikuwa ameinamisha kichwa. Akamuuliza, kwa taabu, kama babu alikufa bila kujua. Bibi akacheka kidogo. Alisema siku ile ile alipofunuliwa uso alimwambia mumewe kwamba yeye si Mwanamkisi. Jeilani akasimama, Barka akadhani atamuua. Kisha akamuuliza, "Jina lako hasa ni nani?" Akamtajia. Jeilani akatoka, akarudi na sheikh wao wa nyumbani. Sheikh akamuuliza kama ni mtu huru, akajibu ni huru, akawataja mashahidi wake. Basi wakaozeshwa upya, kwa jina lake na kwa mahari nyingine. Jeilani akamwambia, "Kwa watu wa nje amani imekwisha kuolewa, tusiivunje. Humu ndani wewe ni Barka." Na humu ndani, alisema Bibi, aliitwa Barka mpaka siku aliyokufa mumewe. Tangu hapo hakuna tena aliyelitamka.

Umulkheir, mimi nilikulia kwa watu wanaosema sana. Sijui mtu anawezaje kubeba jambo kama hili maisha yake yote na bado akapata nafasi ya kuwapokea watoto wa wageni. Nilimtazama yule bibi wa ukutani na huyu aliyekaa mkekani, na Mungu anisamehe, niliogopa kukaa sawa naye, nikakaa sakafuni.

Chombo cha sita na cha saba havikurudi vizuri, chokaa ilikuwa imekwisha shika. Yule kijana anayecheka ameonekana nusu uso. Bibi amesema inatosha.

Mama wa barani ameingia na wanawe. Nilimwonya kuhusu picha, akasema kwao mashamba na nyumba zimebaki nyuma na hajui kama atavirudia, lakini hajapata kulala chumba kama hiki. Ametandika mikeka yake chini ya vyombo. Watoto wanavihesabu kabla ya kulala.

Bibi anasema ataongea na babako mwenyewe, usilifanye wewe. Mimi sina wa kumwambia.

Wako daima,
Mueni


Amu,
29 Mei 1965

Kwa dada yangu Mueni,

Ama baada ya salamu, nimechelewa kukujibu, na habari ya msiba umekwisha ipata kwa Rufus. Rambirambi zenu zimefika. Sasa naweza kushika kalamu.

Bibi aliporudi alimwita Baba, akafunga mlango. Nilikuwa ukumbini, sikusikia kitu. Baba alipotoka alivaa viatu akaenda msikitini, na siku kadhaa zikapita akila huko na kulala kwa jamaa. Tukadhani amemwacha mamake. Kisha asubuhi moja akaja, akakaa chini miguuni pa Bibi, akaikamata akaanza kuikanda, naye Bibi akamwekea mkono kichwani. Jaafar na mimi tulitoka tukawaacha.

Siku hiyo hiyo Baba alivaa kanzu safi akaenda mwenyewe kwa babake Khatib akamweleza yote. Aliporudi alisema wamempa kahawa na wamesema watafikiri. Nasi tunajua maana yake hapa Amu. Idi ikapita bila sinia ya chakula kutoka kwao, na Mfungo Tatu ukaisha. Khatib aliniletea salamu kwa dadake, kwamba yeye yuko pale pale, lakini neno si lake peke yake. Nilianza kukunja nguo zangu za arusi, nikazirudisha sandukuni.

Bibi hakuugua sana. Alikataa chakula, halafu akakataa maji, na Ijumaa asubuhi akiwa ananisikiliza nikisoma alitoka duniani, sikujua mpaka nilipogeuza ukurasa. Mtu wa kunadi msiba alikuja mlangoni kuuliza atangaze nini. Wajomba walikuwa wamejaa ukumbini, wote wanamtazama Baba. Nilikuwa nyuma ya pazia. Baba aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Tangaza kwamba amefariki Bi Barka, mke wa marehemu Jeilani, mama yake Mselem."

Mtu yule akauliza tena, akidhani amesikia vibaya. Baba akarudia.

Dada, lilipita mitaani jina hilo. Nilisikia likienda kwa sauti ya mtu mmoja, mtaa kwa mtaa, likififia, mpaka likafika ufukoni. Watu walitoka kuuliza ni nani huyo, na walipojua wakaja, wengine kwa huzuni na wengine ili waone. Ua ulijaa mpaka nje.

Babake Khatib alikuja wa mwisho. Jaafar anasema hakusalimiana na mtu, alilifuata jeneza akatia bega, na hakukubali kupokewa mpaka makaburini. Baada ya matanga alimwendea Baba akamwambia arusi iko kama ilivyokuwa, ila ingojee arubaini ipite. Basi tutaoana, Mungu akipenda, na nakutaka uje wewe na Rufus na mtoto, na mkae kwetu.

Lakini nililotaka hasa kukuandikia ni hili, ambalo Jaafar alinieleza kwa kuwa sisi wanawake hatuendi makaburini. Walipokwisha kufukia, imamu akakaa kichwani pa kaburi kusoma talkini. Kwetu maiti huitwa kwa jina lake na jina la mamake, asije akasahau yeye ni nani anapoulizwa. Imamu akamgeukia Baba amwambie jina la mamake Bibi. Baba alifungua kinywa akakosa la kusema. Bi Radhiya hakumzaa. Aliyemzaa hakuna aliyemjua, wala Bibi mwenyewe, aliletwa mdogo mno. Jaafar anasema watu walianza kutazamana, na babake Khatib, aliyezoea kuuliza fulani ni mwana wa nani, alikuwa amesimama pale pale, mikono yake ina mchanga, anatazama chini.

Imamu hakungoja. Akasema asiyejulikana mamake huitwa kwa mama wa wote. Akaliinamia kaburi akaita kwa sauti kubwa, mbele ya mji mzima:

"Ewe Barka binti Hawa."

Mdogo wako,
Umulkheir